Kutazama filamu ya wazima moto ukiwa umekaa na askari wa Zimamoto

Moto mkubwa ukitokea mjini, kabla majivu hayajapoa utasikia maneno yaleyale: "Zimamoto wamekuja hawana maji." Yanasemwa kwenye daladala, yanasemwa saluni, na mara nyingi yanasemwa na watu ambao hawakuwepo. Kwa wengi wetu huo ndio mwanzo na mwisho wa tunachokijua kuhusu watu wanaovaa zile kofia ngumu.

Mimi ni mkulima wa miti wilayani Mufindi, mkoa wa Iringa. Nina paini kwenye mteremko unaoshuka hadi bondeni, na milingoti kidogo ya nguzo. Mdogo wake mke wangu ni askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kituo chake kipo Mbeya. Oktoba iliyopita moto ulipita kijijini kwetu na karibu theluthi ya shamba langu ikaenda nao. Watu wote tulirudi nyumbani, na hilo sikulichukulia kama bahati tu. Kuna mambo shemeji aliyasema mwezi Julai, nusu kwa utani, akiwa amejinyoosha kwenye kochi langu tukitazama filamu. Nayaandika sasa kwa sababu kiangazi kinarudi na nimeshaanza kuona watu wakiandaa mashamba kwa kiberiti.

Anayeijua Mafinga ya Julai anajua baridi yake. Jioni ile mke wangu alikuwa ameingiza jiko la mkaa sebuleni, mlango umefungwa, dirisha limezibwa na pazia zito, kama nyumba nyingi za huku zinavyofanya. Shemeji alipoingia hakusalimia kwanza. Alichukua kanga, akashika jiko masikioni, akalitoa nje mpaka uani, akarudi akafungua dirisha.

"Wewe, unataka tufe na baridi?" mke wangu akamuuliza.

"Baridi, dada, kesho utaamka uilalamikie."

Ndipo akaeleza. Mkaa ukiungua kwenye chumba kisicho na hewa unatoa gesi isiyo na harufu wala rangi. Mtu haamki kukohoa. Anasinzia tu, kichwa kinamuuma kidogo, basi. Kila msimu wa baridi huku nyanda za juu wao huitwa kuvunja milango ya vyumba ambavyo watu walilala na jiko. Anasema sehemu hiyo ya kazi haina king'ora wala moshi, na hakuna jirani anayejua kwamba walikuja. Sisi tulivaa masweta mawili mawili, tukaendelea.

Filamu alikuja nayo kwenye flashi. Ni ya Kimarekani, ya mwaka 2017, inasimulia habari ya kweli ya kikosi cha Granite Mountain Hotshots cha mji wa Prescott, jimbo la Arizona. Hotshots ni vikosi vinavyopelekwa kwenye moto wa msituni vikiwa na zana za mkono. Nakala yetu ilikuwa imetafsiriwa na mmoja wa wale watafsiri wa vibanda umiza, sauti juu, utani mwingi, kila mhusika anaitwa "mwanangu". Wanangu walikaa chini wakisubiri helikopta na watu wanaoruka kupita kwenye miale.

Walisubiri sana. Sehemu kubwa ya filamu ni vijana wanakimbia mlimani na mizigo mgongoni, wanachimba udongo, wanakata vichaka kwa msumeno, wanataniana, wanarudi kwa wake zao wakiwa weusi kwa masizi. Mwanangu wa kati akachoka.

"Mjomba, maji yao yako wapi?"

Shemeji alicheka mpaka akakaa wima. "Umeona? Na hawa nao wamekuja hawana maji!"

Tulicheka wote, lakini yeye aliendelea kuongea, na filamu ikabidi isimamishwe. Moto unataka kitu cha kuungua, hewa na joto. Ukiondoa kimoja, moto umekufa. Msituni huwezi kuondoa hewa, na maji ya kupoza joto la mlima mzima huyapati, kwa hiyo unaondoa chakula chake: unakwangua ardhi mpaka udongo mtupu, mstari mrefu, moto ukifika pale haukuti kitu. Ndiyo kazi ile iliyowachosha wanangu.

Halafu akatupigia hesabu ya mjini. Chukua gari lenye lita 5,000. Mpira mmoja ukitoa lita 1,000 kwa dakika, ndani ya dakika tano tangi limekauka. Fungua mipira miwili, gawa kwa mbili. Baada ya hapo gari lazima likatafute maji, na ikiwa haidranti ya karibu, yaani bomba la mtaani la kujazia magari ya Zimamoto, imefunikwa na meza ya mitumba au imejengewa kibanda, gari litakwenda mbali, na hapo ndipo wewe uliyesimama na simu unarekodi gari la Zimamoto likiondoka kwenye moto. "Lilikuja na maji, shemeji. Yaliisha ukiwa bado unatafuta pa kusimama upate picha nzuri." Sikuwahi kuifikiria hesabu hiyo, na sidhani kama wengi waliosimama kutazama masoko ya Mbeya yakiungua, Mwanjelwa mwaka 2006 au SIDO Agosti 2017, waliifikiria.

Mwisho wa filamu ile nitausema wazi kwa sababu ni historia, si siri. Tarehe 28 Juni 2013 radi ilipiga mlima karibu na kijiji cha Yarnell, ikawasha moto mdogo. Tarehe 30, alasiri, upepo wa dhoruba ya mvua uligeuza moto ule ukawarudia vijana 19 wa kikosi kile ndani ya bonde. Walijifunika kwa vihema vyao vya dharura, vitambaa vyenye utando wa alumini ambavyo hurudisha joto la mbali lakini haviwezi kustahimili miale inayogusa. Wote 19 walikufa. Wa 20 alikuwa mlinzi, amewekwa mahali pengine aangalie moto unavyokwenda, huyo alipona. Marekani haikuwa imepoteza wazima moto wengi kiasi hicho kwa siku moja tangu minara ya New York ilipoanguka Septemba 11, 2001.

Mtafsiri wetu, aliyekuwa hafungi mdomo saa nzima, hapo alinyamaza. Nilimheshimu kwa hilo.

Mimi niliona ushujaa na huzuni. Shemeji aliona kitu kingine. "Walikuwa pazuri," alisema. "Walikuwa kwenye nyeusi." Akaeleza kuwa mahali palipokwisha kuungua ndipo salama kuliko pote, kwa sababu moto haurudi kula majivu. Kikosi kile kilikuwa pembeni ya eneo lililoungua, kikaondoka kushuka kuelekea shamba la mifugo bondeni. Wachunguzi baadaye walikuta zaidi ya nusu saa ambayo hakuna mawasiliano yanayoeleza walikuwa wanaamua nini. Watu wenye ujuzi kuliko sisi wote wanabishana juu ya nusu saa hiyo mpaka leo. Shemeji hakutaka kumlaumu mtu. Alisema tu kwamba kila akiitazama hurudisha nyuma pale, kana kwamba safari hii hawatashuka.

Nikamuuliza kama kazini anaogopa. Nilitarajia aseme hapana, au aseme moto. Alisema anaogopa ndoo. Barabara ya TANZAM inapita Mafinga, inapita Mbeya hadi Tunduma, na malori ya mafuta ya Zambia na Kongo hayana usiku wala mchana. Lori likipinduka, watu wanakuja na ndoo na madumu kuchota. Morogoro, pale Msamvu, tarehe 10 Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walikufa namna hiyo. Kwa hiyo likipinduka moja huku kwetu, kazi yake ya kwanza ni kusimama katikati ya mafuta yanayotiririka na watu wanaomtukana kwa sababu anawazuia riziki. Cheche moja tu, wa kwanza kuungua ni yeye.

Na kuna mengine. Mtoto ametumbukia kwenye choo cha shimo. Mchimba kisima amefukiwa. Dereva amebanwa kwenye kichwa cha lori, yu hai, anaongea, anaomba apigiwe mke wake simu huku wao wanakata bati. Akitoka zamu anapita sokoni, ananunua mboga, anakwenda nyumbani. Mke wangu ndiye aliyeuliza swali ambalo mimi sikulifikiria: "Na ukifika nyumbani unamwambia nani?" Akasema, "Dada, weka filamu iendelee," wakati filamu ilikwishaisha.

Alikuwa likizo, kwa hiyo asubuhi nilimpeleka shambani. Nilitaka anisifie. Nilikuwa nimepogoa paini zangu vizuri, mashina yamenyooka, hata bwana miti alinipongeza. Shemeji alisimama akaangalia chini. Matawi yote niliyoyapogoa yalikuwa palepale chini ya miti, yamekauka, pamoja na zulia la majani ya paini ya miaka. "Hapa umewasha jiko, bado kiberiti tu," akasema. Kumbe wakulima wengi wa huku tunafanya hivyo: tunapogoa ili mbao isiwe na vifundo, halafu tunauachia moto kuni chini ya mti. Matawi yatolewe nje, au angalau yasogezwe mbali na mashina yanayopakana na njia au shamba la jirani.

Njia ya kuzuia moto nayo nilikuwa nayo, ila ilikuwa njia ya kufyeka. Alipiga magoti, akashika majani yaliyobaki baada ya kwanja, akayasugua mkononi yakawa unga. Moto unatembea juu ya majani hayo bila shida. Njia lazima ikwanguliwe kwa jembe mpaka udongo uonekane, na irudiwe upepo ukishaangusha majani mapya, yaani mara zaidi ya moja kwa kiangazi. Hapo ndipo penye gharama. Vibarua wa jembe wanadai zaidi ya wa kwanja, na wana haki. Tulipokaa na majirani wenye mashamba yanayopakana, tukakubaliana mita kumi upande wa bondeni. Mzee mmoja aligoma kabisa: mita kumi kwa urefu wa shamba lake ni miti mingapi? Tulimhesabia, akasema mingi mno. Hatukuweza kumlazimisha. Mbele kidogo mtaona mita zake kumi zilivyokwenda.

Jambo lililonishangaza ni kwamba shemeji hakutilia mkazo zana. Alitilia mkazo mambo manne ambayo anasema vikosi kama kile cha kwenye filamu hufundishwa mpaka wanayaota: awepo mlinzi anayeuona moto wote, mawasiliano yafanye kazi, kila mtu ajue atakimbilia wapi, na huko anakokimbilia pawe salama kweli. Tulitembea shamba zima tukitafuta hayo. Mlinzi tulimchagua binti wa jirani yangu, kidato cha nne, kwa sababu mbili: kilima cha kwao ndicho chenye mtandao wa simu, na ni mtu ambaye akisema jambo hasemi kwa kuogopa wazee. Watu walicheka, mtoto wa kike awaamrishe wanaume kwenye moto. Shemeji akawaambia kwamba yule kijana wa 20 alipona akiwa mlinzi, akawaacha wafikirie.

Oktoba huku ndiyo hatari yenyewe. Nyasi zimekauka tangu Juni, jua kali, mvua bado, na kila mtu anataka shamba liwe tayari Novemba. Moto wetu ulianzia bondeni, mchana, mtu akichoma mabaki ya mahindi. Sitamtaja, alikwishalipa faini ya kijiji na aibu yake anayo. Tatizo ni mchana. Asubuhi na mapema kuna umande na hewa imetulia; kuanzia saa sita upepo unapanda kutoka bondeni na moto unapanda nao. Moto mlimani unakwenda juu kwa kasi kuliko chini, kwa sababu miale inainamia majani yaliyo mbele yake na kuyakausha kabla haijayafikia. Ukiwa juu ya moto huo, hata uwe mkimbiaji wa namna gani, upo mahali pabaya.

Nilipiga 114. Ni bure, hata kama huna salio. Aliyepokea aliniuliza maswali kwa utulivu ambao wakati ule ulinikera: ni wapi hasa, kuna alama gani, kinaungua nini, kuna watu au nyumba karibu, gari lipite njia ipi. Nataka kukwambia, yaandae majibu hayo kabla ya moto. Usiseme "kwa mwenyekiti wa kijiji," sema kutoka barabara kuu unakata wapi, shule gani, kanisa gani, umbali gani. Na mtume mtu wa bodaboda akasubiri njia panda. Sisi tulimtuma, na bila yeye gari lingepotelea kwenye barabara za kuvunia magogo ambazo zote zinafanana.

Kengele ya shule ilipigwa, watu wakatoka. Hapa nataka kusema habari ya mavazi kwa sababu hakuna anayeisema. Vijana wetu walikuja na jezi za Simba na Yanga. Jezi ni poliesta. Haiungui kama pamba, inayeyuka. Kijana mmoja aliyekuwa akipiga moto kwa tawi la mlingoti alirukiwa na cheche begani. Niliona mkono wa jezi ukijikunja, ukawa kama plastiki ya mfuko, ukashika ngozi. Alitaka kuuvuta. Mama mmoja aliyewahi kusikia mazungumzo yetu ya Julai alimshika mkono, akamwambia usivute, wakamwagia maji ya kunywa kwa muda mrefu, wakampeleka hospitali na jezi yake imeganda palepale. Amepona, kovu analo. Matibabu tulichangishana kwenye kikundi na yalikula karibu fedha yote tuliyokuwa tumeweka kwa ajili ya miche. Kwa hiyo: shati la pamba la mikono mirefu, suruali nzito, viatu vya ngozi. Gambuti zinalainika na kushika joto. Na kitambaa kibichi usoni kinasaidia dhidi ya masizi, lakini hakizuii ile gesi ya jiko. Kichwa kikianza kuuma na miguu kulegea, toka.

Tulikuwa tunaongeza upana wa njia kwenye kona ya shamba langu, tumebakiza kipande kidogo kukutana na wenzetu, simu yangu ikaita.

"Baba, tokeni. Moshi umelala upande wenu."

Nilitazama, kwetu upepo ulikuwa bado unapuliza kama mwanzo. Yule mzee aliyekataa mita kumi akasema tumalizie, ni hatua chache. Na kweli zilikuwa chache. Sijui kama ningemsikiliza binti yule kama nisingekuwa nimeona watu 19 wakishuka bondeni kwenye televisheni yangu. Niliwaambia watu watupe mapanga waondoke, nikamshika mzee mkono. Hatukukimbia kupanda juu kuelekea nyumbani, ambako miguu yote ilitaka kwenda. Tulikata pembeni, tukapita mahali ambapo miale ilikuwa ya chini na imeshachoka, tukaingia kwenye nyeusi. Ardhi ilichoma kupitia soli. Watu walikuwa wanarukaruka, wengine wanasali kwa sauti, mzee ananitukana kwa Kihehe.

Upepo uligeuka tukiwa pale. Kipande tulichokuwa tumesimama kiliungua chote. Paini ikishika moto mpaka juu inatoa mngurumo, utomvu unalipuka, na koni zinadondoka zikiwaka na kubingirika mteremkoni zikiwasha moto mpya nyuma ya watu waliodhani wameupita. Mzee alinyamaza. Mita zake kumi alizozikatalia ndipo moto ulipovukia kuja kwangu, na shamba lake lote, la miaka zaidi ya kumi, liliisha kabla ya saa kumi na moja. Sikumwambia kitu, wala sitamwambia.

Gari la Zimamoto lilifika. Lilifika na maji. Lilikwama kwenye daraja letu la magogo, ambalo linabeba trekta tupu kwa shida, sembuse gari lenye tani kadhaa za maji. Askari walishuka, wakabeba majembe, reki na mabomba ya mgongoni, wakatembea. Kuna mtu, nisingemtaja hata kama ningetaka, aliwapokea kwa kusema, "Sasa mmekuja kutuletea nini?" Askari aliyeongoza wenzake alimjibu, "Shikamoo, mzee. Tuonyeshe moto uko wapi."

Walitufanya tusubiri giza. Hilo nalo watu hawakulipenda. Lakini usiku ulipoingia hewa ilipoa, upepo ukafa, miale ikashuka. Wakaanza kuwasha moto wao kutoka kwenye barabara, mstari mwembamba, ukatembea polepole kwenda kukutana na ule mkubwa, ukakuta katikati hamna cha kula. Dawa ya moto ni moto, tunasema kila siku bila kuona ikifanyika. Tafadhali usijaribu mwenyewe: anayefanya hivyo lazima ajue upepo, awe na njia ya moto nyuma yake na watu wa kuilinda, vinginevyo umeongeza moto wa pili.

Kazi ya kesho yake ndiyo iliyonifundisha heshima. Moto umezimika, watu wameenda kulala, wengine wamejipoza na ulanzi wakisimulia. Askari wale walirudi wakapita kisiki kwa kisiki. Waliweka mgongo wa kiganja juu ya majivu, karibu bila kugusa, wakisikiliza joto. Wakilipata, wanachimba. Mzizi wa mlingoti unaweza kuwaka chini ya ardhi siku nyingi na kuibukia upande wa pili wa njia yako. Walichimba, wakapuliza maji, wakachanganya na udongo, wakapima tena kwa mkono. Hakuna aliyekuwa anarekodi. Kwenye filamu kazi hiyo nadhani ilichukua sekunde chache. (Mabomba ya mgongoni yawe yameoshwa, moja la kijijini lilikuwa bado na dawa ya mahindi na mtu alitapika.)

Kuhusu hasara: paini zilizoungua si kuni papo hapo. Zikivunwa haraka bado ni mbao. Zikichelewa, wadudu na ukungu vinaingia na mbao inakuwa na madoa ya bluu ambayo mnunuzi atayatumia kukushusha bei. Wanunuzi walifika kabla moshi haujaisha, kila mmoja na bei yake ya huruma. Sisi tulijumuisha miti ya wote walioungua tukauza pamoja, na bado nilipata chini ya nusu ya nilichokitarajia, tena kwa miti michanga. Bima sikuwa nayo. Mke wangu alilia usiku mmoja, mimi nililia wangu, watoto wakaenda shule.

Baadaye nilipita Mbeya kumshukuru shemeji. Alikuwa zamu, nikamsubiri. Nilichokiona ni watu wanakagua vifaa walivyovikagua jana: pampu inawashwa, mipira inakunjuliwa na kukunjwa, buti zimesimamishwa zikiwa zimevishwa suruali ili mtu aingize miguu na kuvuta juu. Alinipeleka mtaa wa pili kunionyesha haidranti. Ilikuwa chini ya meza ya viatu vya mitumba. Mwenye meza alimfahamu, wakasalimiana vizuri.

"Afande, nikihamisha nitauzia wapi?"

Ni swali la haki na shemeji hakuwa na jibu. Walikubaliana meza iwe na magurudumu.

Sisi kijijini tumeweka sheria ndogo: hakuna kuchoma shamba bila kumjulisha mtendaji, hakuna kuchoma baada ya saa tatu asubuhi, na njia ya moto ni mita kumi kwa kila mpaka, atake asitake. Binti yule amemaliza shule, anataka posho ya ulinzi wa kiangazi, na kikundi kinabishana kiasi gani. Mimi nimesema tumpe anachotaka. Daraja bado. Magogo tumepata, fundi tumepata, diwani ameahidi nondo; tumepanga kulijenga kabla ya Agosti, na nondo zisipofika tutachanga tena.